Hesabu ya Jana: Kimbunga, Karafuu na Maamuzi ya Baba na Mwana

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, na wazee wa mji hawakuwa na mfano wa kukilinganisha nacho. Kisiwa kiko takriban nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa desturi hupita mbali, upande wa Mauritius, Bukini na Msumbiji. Masika yalikuwa yameingia, kusi lilikuwa ndiyo kwanza linashika, na bandarini watu walikuwa katika kazi zao za kila mwaka. Upepo ulipotulia, majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji yalikuwa yamevunjika au yametupwa pwani. Merikebu za mtawala wa Unguja, Seyyid Barghash bin Said, zilikuwa karibu zote zimeangamia. Mashambani, mikarafuu na minazi ilikuwa imelala chini kwa maelfu. Pemba, ng'ambo ya mkondo, ilinusurika.

Kabla ya kutimia miezi kumi na minne, Barghash huyohuyo aliwekewa karatasi mbele yake na Waingereza: ama atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, ama bandari yake ifungwe kwa manowari. Alitia saini. Miaka ishirini na tatu baada ya hapo mwanawe, Khalid, aliwekewa sharti jingine na Waingereza haohao, na yeye akakataa. Mji ukapigwa mizinga.

Mambo haya matatu, kimbunga, saini ya baba na ukaidi wa mwana, yana uzi mmoja. Katika kila moja, mtu alilazimika kuamua bila kujua litakalotokea, na alichokuwa nacho mkononi ni hesabu ya jana tu. Sayansi ya ubongo imejitahidi katika miongo ya karibuni kuonyesha hesabu hiyo inavyopigwa kichwani. Historia ya Unguja inaonyesha inavyopigwa na mji mzima, na gharama inayolipwa pale inapopigwa vibaya.

Mtaa ulioishi kwa misimu

Malindi ya hapa si ule mji wa Kenya. Ni mtaa wa kaskazini wa Mji Mkongwe, unaoitazama bandari, wenye msikiti wa kale ulio na mnara wa umbo la pia. Mtaa huu uliishi kwa bahari, na bahari hiyo ilikuwa na ratiba. Kuanzia Desemba kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, vikiwa na tende, vitambaa, samli na papa mkavu. Kuanzia Aprili kusi lilivirudisha, vikiwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko na karafuu. Katikati palikuwa na tanga mbili, wakati ambapo upepo haujaamua na chombo kinaweza kwenda huku au kule.

Mabaharia hawakuhesabu safari kwa miezi ya mwandamo, kwa kuwa Ramadhani na Mfunguo Mosi huhama kutoka msimu hadi msimu. Walifuata mwaka wa jua wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, ukagawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Ahmad bin Majid, nahodha na mwandishi wa Julfar, alizipanga tarehe za kusafiri kwa hesabu hiyo ya Nairuzi mwishoni mwa karne ya 15. Makunduchi, kusini ya Unguja, Siku ya Mwaka, ndiyo Nairuzi yenyewe, bado huadhimishwa kila Julai.

Tazama kazi iliyofanywa na hesabu hiyo. Nahodha aliyejaribiwa na tamaa ya kuondoka kwenda Maskati katikati ya Juni, kusi likiwa kali kabisa, hakuwa na haja ya kuusikiliza moyo wake. Jibu lilikwisha kutolewa na manahodha waliomtangulia, na baadhi yao walilipia jibu hilo kwa roho zao. Ama aondoke mapema, Aprili au Mei, ama angoje hadi kusi lipungue. Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa umeshafanywa kabla yeye hajazaliwa. Kilichobaki mikononi mwake ni mambo madogo yanayowezekana kwa akili ya mtu mmoja: siku gani, shehena kiasi gani, maji mapipa mangapi.

Biashara nayo ilikuwa na njia zake za kuigawa hatari. Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake, hakukusanya mwenyewe ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa za kigeni ulikuwa asilimia 5 kwa mujibu wa mkataba wake na Wamarekani wa mwaka 1833. Aliikodisha forodha kwa miaka kadhaa kadhaa, na kwa muda mrefu mkodishaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kachchh. Seyyid alipokea kiasi kilichokubaliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mashaka ya msimu mbaya aliyabeba Banyani, na Banyani naye alilipwa kwa kuyabeba: msimu ukiwa mwema, ziada yote yake.

Tharia Topan, Khoja kutoka Kachchh aliyefika Unguja akiwa mdogo na akaja kuwa msimamizi wa forodha, aliwakopesha bidhaa wafanyabiashara wa misafara ya bara. Mmoja wa wadeni wake alikuwa Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye safari yake ya tatu bara ilimchukua miaka kumi na miwili hadi aliporudi Unguja mwaka 1882. Miaka kumi na miwili mdai anangoja. Angeweza kungoja kwa sababu mali yake haikuwa katika msafara mmoja. Jengo la hospitali aliloliwekea msingi mwaka 1887 bado lipo Mizingani, karibu na lango la bandari. Yeye mwenyewe alifariki 1891, kabla halijakamilika.

Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani Frank Knight alitenganisha aina mbili za kutojua. Ya kwanza ni ile ambayo mtu hajui litakalotokea, lakini anajua uwezekano wake. Ya pili ni ile ambayo hata uwezekano wenyewe haujulikani. Malindi ilikuwa imejenga maisha yake juu ya ile ya kwanza. Jahazi moja katika kadhaa litazama, mdeni mmoja katika kadhaa hatarudi, na hasara ya mmoja huzibwa na faida ya wengi.

Ila mgawanyo huo haukuwa wa haki. Waliobeba sehemu iliyo nzito kuliko zote hawakuulizwa. Watumwa waliovushwa kutoka Kilwa na Bagamoyo wakiwa wamesongamana chini ya sitaha walikuwa wao wenyewe ndio shehena, na kufa kwao njiani kuliandikwa katika daftari la mtu mwingine kama hasara ya biashara.

Kisiwa cha zao moja

Mkarafuu uliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na jina linalotajwa sana katika kuuleta ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said aliupenda. Aliupanda Mtoni na Kizimbani, na inasimuliwa kuwa aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Bei ilikuwa nzuri mno, na kila mwenye uwezo akakata msitu akapanda. Watu wengi zaidi wakakamatwa bara kuja kulima na kuchuma.

Kufikia miaka ya 1840 karafuu zilikuwa nyingi kuliko wanunuzi, na bei ikaanguka. Hata hivyo, mashamba hayakung'olewa. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri, na mtu aliyengoja kiasi hicho haachi kirahisi. Wengi waliingia katika deni la Wahindi wa mjini, wakaweka shamba rehani, wakazidi kungoja.

Kwa hiyo, taratibu, kisiwa kilichokuwa hodari wa kuigawa hatari baharini kikairundika nchi kavu. Jahazi likizama, mengine kumi yako safarini. Mikarafuu yote ya Unguja ilisimama pamoja chini ya anga moja. Hapakuwa na hesabu ya Nairuzi kwa ajili ya mikarafuu, kwa sababu haijapata kutokea jana iliyofundisha kwamba upepo unaweza kuiangusha yote kwa siku moja.

Palipokuwa na giza

Mwaka 1961 Daniel Ellsberg, aliyekuja kujulikana duniani kwa jambo jingine kabisa, la kufichua siri za vita vya Vietnam, aliandika juu ya vyungu viwili. Kimoja kina mipira hamsini myekundu na hamsini myeusi. Cha pili kina mipira mia, lakini hakuna ajuaye mingapi ni ya rangi ipi. Ukiambiwa utapata zawadi kwa kutoa mpira wa rangi uliyoitaja, utachagua chungu kipi? Watu wengi huchagua cha kwanza, na hukichagua hata wakibadilishiwa rangi. Kwa hesabu tupu huo ni ukaidi. Kwa mwanadamu ni tabia ya kila siku: giza linamtisha kuliko hatari anayoiona.

Mwaka 2005 Ming Hsu, Colin Camerer na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi ambamo waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakichagua kati ya bahati zinazojulikana na zisizojulikana. Palipokuwa na giza la namna ya chungu cha pili, sehemu mbili zilichangamka zaidi: amigdala, kijisehemu kilicho ndani ya ubongo kinachohusika sana na hofu na tahadhari, na gamba la ubongo lililo juu ya matundu ya macho. Watu walioumia gamba hilo kwa ugonjwa au ajali hawakuonyesha ile hofu ya chungu cha pili. Kwao vyungu vyote vilikuwa sawa.

Asitokee mtu akadhani hao ndio wenye busara. Katika miaka ya 1990 Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao huko Iowa waliwapa watu mafungu manne ya karata. Mawili yalitoa zawadi kubwa na hasara kubwa zaidi. Mawili yalitoa zawadi ndogo na hasara ndogo, na mwishowe faida. Watu wazima wenye afya walianza kutokwa na jasho jepesi kwenye viganja kila mkono ulipokaribia fungu baya, hata kabla hawajaweza kueleza kwa nini. Walioumia sehemu ya chini ya mbele ya ubongo hawakutokwa na jasho hilo, na waliendelea kuchukua karata za fungu baya mpaka wakafilisika. Hofu, basi, ni hesabu. Ni jana iliyohifadhiwa mwilini, nayo hufika kabla ya maneno.

Baada ya kimbunga, wenye mashamba wa Unguja walisimama mbele ya chungu cha pili. Je, kitarudi mwakani? Baada ya miaka kumi? Hakitarudi kamwe? Bei ya karafuu ilipanda kwa uhaba, na uchache huo ulikuwa neema kwa wenye miti iliyosimama, yaani Wapemba na wenye mashamba Pemba. Wengi wakaelekeza macho na mali huko. Kabla karne haijaisha, Pemba ilikuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja, na hivyo ndivyo ilivyobaki. Mwelekeo wa uchumi wa visiwa viwili ulibadilika kwa sababu ya siku moja isiyokuwa na mfano.

Baba

Barghash alikuwa mtu wa kujaribu bahati. Baba yake, Seyyid Said, alipofariki baharini Oktoba 1856, Barghash alikuwa ndani ya merikebu hiyo. Walipofika Unguja alijaribu kuuwahi utawala kabla ndugu yake Majid hajajipanga, akashindwa. Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa uasi kamili akiungwa mkono na baadhi ya Waarabu wa kabila la Harthi. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake. Salme, kijana wa miaka kumi na mitano aliyejua kuandika, alikuwa katibu wa njama hiyo, na miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliyaandika yote. Barghash alizingirwa nyumbani mwake, akatoroka amevaa nguo za kike, akajiunga na wafuasi wake shambani. Majid akaja na jeshi, akisaidiwa na Waingereza wa manowari. Uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Alikaa huko takriban miaka miwili. Aliona kwa macho yake ukubwa wa dola iliyomtuliza kwa manowari chache. Aliporudi alinyamaza, na Majid alipofariki Oktoba 1870, utawala ukamjia bila risasi.

Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kutoka London na rasimu ya mkataba. Barghash alikataa. Alieleza kwamba kimbunga kimekwisha kuwafilisi watu wake, na kuwanyima watumwa ni kuwamalizia. Alijua pia kwamba Waarabu wenye mashamba, ambao ndio nguzo ya utawala wake, wangeweza kumgeuka kama yeye mwenyewe alivyomgeukia Majid. Alitumaini labda Ufaransa itamkinga. Frere akaondoka mikono mitupu. Miezi ikapita. Mwanzoni mwa Juni amri ikamfikia John Kirk, aliyeiwakilisha Uingereza Unguja: mkataba utiwe saini au bandari ifungwe.

Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika makala yao ya mwaka 1979, walionyesha kwamba mtu anayechagua kati ya faida hupenda ya uhakika, lakini anayechagua kati ya hasara mbili hupenda kubahatisha. Akipewa hasara ndogo ya hakika na hasara kubwa ya labda, huikimbilia labda. Barghash kwa miezi mitano alifanya hivyohivyo. Kusaini ilikuwa hasara ya hakika. Kukataa kulikuwa na labda ndani yake: labda Wafaransa, labda Bunge la London litabadili nia, labda manowari hazitakuja.

Kisha akafanya kile ambacho Khalid hakukifanya. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini. Kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku, na masoko ya watumwa yakafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao Mkunazini, palipokuwa soko. Utumwa wenyewe haukwisha kwa mkataba huo. Amri ya kuuondoa Unguja na Pemba ilikuja mwaka 1897.

Hakuna mashine iliyowahi kuupiga picha ubongo wa Barghash, na mwanahistoria hana haki ya kujifanya anaijua hali ya ndani ya maiti. Lakini jana yake tunaijua. Alikwisha kuona manowari zikitimiza tishio. Wolfram Schultz, akichunguza seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliopewa maji ya matunda, aliona jambo ambalo yeye, Peter Dayan na Read Montague walilieleza mwaka 1997: seli hizo hazipigi kelele kwa zawadi yenyewe, bali kwa tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Zawadi ikizidi matarajio, zinachangamka. Isipokuja ilipotarajiwa, zinanyamaza. Tofauti hiyo ndiyo mwalimu, na somo la hasara huingia ndani. Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Barghash alikwisha kuumwa mwaka 1859, na mwaka 1873 hakuwa anaona ung'ongo. Alikuwa anaona nyoka.

Mwana

Kwa kuwa kimbunga kiliondoka na merikebu zake, Barghash aliagiza nyingine Uskochi. Iliyokamilika mwaka 1878 iliitwa Glasgow. Barghash alifariki 1888. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kurithi utawala bila Waingereza kuridhia.

Machi 1893 mtawala wa wakati huo, Seyyid Ali bin Said, alipofariki, Khalid bin Barghash, akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, aliingia katika kasri kudai kiti. Balozi wa Uingereza, Rennell Rodd, alimwonya, naye akatoka. Hakuna mzinga uliolia. Hakupelekwa uhamishoni kama baba yake. Alirudi nyumbani, na Hamad bin Thuwaini akatawazwa.

Hebu tuipige hesabu ya jana hiyo kama ubongo ungeipiga. Nilijaribu, nikaonywa, nikatoka, sikupoteza kitu. Aliyetishia hakupiga. Kosa halikumfundisha woga, kwa sababu halikuwa na maumivu.

Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad alifariki ghafla, na Khalid akaingia tena katika kasri. Safari hii alikusanya askari na wafuasi wapatao 2,800, wakawa na mizinga, na Glasgow ikiwa imetia nanga mbele ya mji. Balozi Basil Cave na Admirali Harry Rawson walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Asubuhi hiyo Khalid alipeleka ujumbe kwamba hana nia ya kushusha bendera, na haamini kuwa watampiga.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ilianza. Kabla ya saa nne kasoro robo ilikuwa imekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid, wanajeshi na raia, walikufa au kujeruhiwa. Glasgow, merikebu iliyozaliwa na kimbunga, ilizama pale ilipotia nanga. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Oktoba akachukuliwa kwa manowari ya Kijerumani hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka Shelisheli na St Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Mwaka 2007 Timothy Behrens na wenzake wa Oxford walieleza uchunguzi walioufanya juu ya watu wanaojifunza katika mazingira yanayobadilika. Dunia ikiwa tulivu, ni vizuri kuitegemea kumbukumbu ndefu. Dunia ikibadilika upesi, jana ya mbali hupoteza thamani, na mtu hupaswa kuyapa uzito mambo mapya. Sehemu ya mbele ya ubongo iliyo katikati, kati ya pande zake mbili, ilionekana kufuatilia kasi ya mabadiliko hayo. Tatizo la Khalid si kwamba hakuwa na jana. Alikuwa nayo moja tu, fupi, na ilikuwa imepitwa na wakati. Kati ya Machi 1893 na Agosti 1896 Waingereza walikuwa wamezidi kuishika serikali, hazina na jeshi. Kukubali kasri itwaliwe tena bila ruhusa kungekuwa kukubali kwamba himaya yao ni jina tu.

Wala hakuazima jana ya baba yake. Mwaka 1859 Barghash alijifunza kwamba Waingereza hufyatua. Somo hilo lilikuwa limelipiwa, lilikuwa katika nyumba ileile, na halikurithiwa. Yumkini kulikuwa na wazee waliomkumbusha, yumkini hawakuwapo. Ambalo lipo wazi ni kwamba mji uliokuwa na utaratibu wa kuhifadhi kumbukumbu za manahodha haukuwa na utaratibu wa kuhifadhi kumbukumbu za watawala. Kila mtawala alianza kuhesabu kutoka jana yake mwenyewe.

Gatini

Vyombo vinavyotoka leo Malindi havingoji kaskazi wala kusi. Boti za kasi huenda Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku, na meli huvuka kwenda Pemba usiku. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Ilikuwa na nafasi ya abiria wapatao 600. Ilizama karibu na Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na tume iliyochunguza baadaye ikataja waliopotea zaidi ya elfu moja. Haikutimia hata mwaka, Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja.

Meli ikijaa kupita kiasi ikafika salama, na kesho ikafika tena, abiria na mabaharia wote wanajifunza, na somo wanalojifunza ni la uongo. Robin Dillon na Catherine Tinsley, waliochunguza maamuzi baada ya ajali zilizoepukwa chupuchupu, waliona mwaka 2008 kwamba kunusurika kunawafanya watu waione hatari kuwa ndogo, ingawa kilichowanusuru ni bahati. Hiyo ndiyo jana ya Khalid, ikiwa imegawiwa kwa mamia ya watu wenye tiketi. Abiria anayesimama gatini usiku, mizigo mkononi, watoto wamechoka, wengine wote wanapanda, hana namna ya kuipiga hesabu hiyo vizuri. Haipasi kuachiwa yeye. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda ni uamuzi wa kufanywa mapema, na wasiokuwa na haraka, kama ulivyofanywa uamuzi wa kutosafiri Juni.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kikafika karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Vimbunga vya kuikaribia pwani hii kwa namna hiyo ni nadra, lakini safari hii kumbukumbu haikuwa lazima iwe ya mtu. Ilikuwa ya satelaiti na vituo vya hali ya hewa.

Kwa mwenye kampuni ya boti, kusimamisha safari siku mbili ni hasara inayovumilika. Mvuvi wa ngarawa kule Nungwi au Kizimkazi huisikia tahadhari hiyohiyo redioni, na yeye hali asipokwenda baharini. Malindi ya zamani iliweza kumwambia nahodha angoje msimu kwa sababu palikuwa na mtu wa kumkopesha mchele wakati akingoja, na deni hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya biashara. Tukitaka watu waamue vyema mbele ya wasichokijua, tahadhari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukubaliana ni nani atakayelipa gharama ya kungoja, na kukubaliana hivyo kabla upepo haujaanza.